Ijumaa Jioni Juu ya Nabugoye

Mbale hujitambulisha kwa ukuta wake wa mawe. Ukitokea Tororo, baada ya mashamba ya mtama na mihogo yaliyotandaa tambarare, mbele yako linainuka genge la Wanale, refu na jeusi, na kama mvua imenyesha juzi utayaona maji yakiporomoka kutoka juu yake kwa michirizi myembamba, myeupe, mitatu au minne kwa mpigo. Nyuma ya genge hilo ndipo ulipo Mlima Elgon wenyewe, mita 4,321, ambao wenyeji wa hapa, Wagisu, huuita Masaba. Chini yake ndio mji: bodaboda zisizohesabika, wakaanga rolex, chapati za mayai, kila kona, malori ya kahawa, Chuo Kikuu cha Kiislamu, makanisa ya kila dhehebu, maduka ya zamani yenye vibaraza vya kujikinga jua. Wasafiri wengi hulala hapa usiku mmoja, asubuhi wakakimbilia maporomoko ya Sipi na kupiga picha zilezile walizopiga wenzao. Ni haki yao. Ila anayeondoka Mbale siku ya Ijumaa mchana ameacha nyuma jambo ambalo hatalikuta kwingine Afrika Mashariki.

Nje kidogo ya mji, katika eneo la Namanyonyi, kuna kilima kinachoitwa Nabugoye. Jua likikaribia kuzama siku ya Ijumaa, watu hukipanda kwa miguu kupitia vichochoro vya migomba: wanaume wenye vikofia vidogo vya kufumwa utosini, akina mama wamevaa gomesi, watoto wameogeshwa na kupakwa mafuta mpaka wanang'aa. Wanakwenda sinagogi. Ni Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, yapata watu elfu mbili waliotawanyika katika vijiji vya mashariki ya nchi, wengi wao wakulima.

Niliijia Mbale kwa basi kutoka Nairobi, na naisifu njia hiyo hata kwa mwenye nauli ya ndege, kwa kuwa habari za Wayahudi katika pembe hii ya Afrika zimelala kandokando ya barabara yake. Nairobi kwenyewe, pale Uhuru Highway inapokutana na University Way, kuna sinagogi ambalo watu hulipita kila siku ndani ya matatu bila kugeuza shingo. Ni la jumuiya ndogo iliyoanzishwa na wahamiaji wa zama za reli. Ukishaipita Nakuru, barabara inapanda mpaka uwanda wa Uasin Gishu, ngano kushoto na mahindi kulia, halafu Eldoret, mji wa wanariadha. Hapa, mwaka 1903, palikaribia kuwa nchi ya Wayahudi.

Mwaka ule Wayahudi wa dola ya Urusi walikuwa wakiuawa. Mauaji ya Kishinev yalitokea mwezi Aprili. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, akampa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, pendekezo: chukueni uwanda huu. Wakauita Mpango wa Uganda, ingawa ardhi yenyewe leo iko Kenya. Mkutano wa Wazayuni uliofanyika Basel mwezi Agosti uligombana vibaya juu yake, wajumbe wengine wakatoka ukumbini. Watu watatu wakatumwa kuja kuikagua ardhi. Ripoti yao haikutia moyo, na mwaka 1905 mkutano mwingine ukalikataa wazo lote. Wanandi na Wamaasai, wenye malisho yao, hawakuulizwa na yeyote katika hatua yoyote. Barua zote zile, ramani zote zile na hotuba zote zile hazikuacha nyuma hata banda la kuku.

Miaka kumi na minne baadaye, upande wa pili wa Mlima Elgon, kundi la Waafrika likajitangaza Wayahudi bila kumwomba ruhusa Chamberlain wala mwingine.

Aliyelianzisha anaitwa Semei Kakungulu, na bila yeye Mbale isingekuwa Mbale. Alizaliwa Kooki, akawa mwindaji wa tembo, kisha jemadari wa Buganda. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa aliingia mashariki na jeshi lake mwenyewe, akawatiisha watu wa nchi hii kwa niaba ya Waingereza, akijenga ngome na barabara alikopita. Wagisu wana kumbukumbu zao kuhusu hilo, na si zote tamu. Yeye alitegemea atalipwa ufalme: awe Kabaka wa Bukedi kama alivyo Kabaka wa Buganda. Waingereza wakamtumia, kisha mwaka 1902 wakamvua madaraka aliyokuwa nayo na kumwachia maili za mraba ishirini kuzunguka Mbale, mahali ambapo kabla yake hapakuwa na mji. Baadaye wakampeleka Busoga akawe mkuu wa machifu. Mwaka 1913 hilo nalo likaisha. Akarudi chini ya Wanale, mtu mzima aliyeshinda vita vya wengine na kubaki mikono mitupu.

Alichokuwa nacho ni kitabu. Biblia nzima ilikuwa imekwisha kutafsiriwa kwa Kiganda tangu 1896, na Kakungulu aliisoma kwa jicho la askari aliyekwisha kudanganywa na makamanda wake. Alijiunga kwanza na Bamalaki, madhehebu yaliyokataa dawa za kizungu na kuiheshimu Jumamosi, jambo lililowaudhi sana maofisa waliotaka kuchanja watu na ng'ombe. Lakini aliendelea kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kurudi nyuma, kutoka Injili hadi Torati. Mwaka 1919 akaamua kutahiriwa, yeye na wanawe. Simulizi ya kwao husema kwamba wenzake walipomwonya kuwa hiyo ni desturi ya Wayahudi, alijibu kuwa, ikiwa hivyo, yeye ni Myahudi. Akahamia Gangama, vilimani, na wafuasi wake. Mwaka 1922 aliandika kitabu cha kurasa 90 kwa Kiganda, chenye amri na sala, ili watu wake wajue la kufanya.

Hapa ndipo moyo wangu uliposimama. Dini karibu zote tunazozijua Afrika Mashariki zililetwa: kwa jahazi, kwa misafara, kwa wamisionari wenye shule na zahanati. Hii haikuletwa na mtu. Kwa miaka kadhaa Abayudaya walikuwa Wayahudi ambao hawajawahi kumwona Myahudi. Mpaka mwaka 1926 alipotokea mfanyabiashara anayekumbukwa kwa jina moja tu, Yosef, akakaa nao miezi michache na kuwaonyesha kalenda, sikukuu, namna ya kuchinja, na kuwaambia kuwa ubatizo waliokuwa bado wanaufanya si wao. Akaenda zake. Miaka miwili baadaye, Novemba 1928, Kakungulu akafariki, na jumuiya ikabaki na kitabu chake, masomo ya Yosef, na mlima.

Katika nchi ya Wagisu kufanya tohara kuwa chanzo cha dini mpya ni jambo lenye uchekeshaji wake. Hapa tohara ndiyo kila kitu. Mwaka ukiwa wa namba shufwa, kuanzia Agosti, vijana wa imbalu, yaani tohara hiyo, huzunguka vijiji wakicheza ngoma, wamepakwa unga, kisha husimama wima mbele ya ukoo mzima na kukatwa bila kupepesa jicho. Anayetikisika atasimuliwa mpaka kaburini. Mtoto wa Kiyahudi hutahiriwa siku ya nane, mikononi mwa wazee. Nilimuuliza mzee mmoja kama majirani hawawacheki. Akacheka yeye kwanza. Mtoto wetu, akasema, hapati nafasi ya kuonyesha ushujaa. Analia, mama yake analia, halafu tunakula.

Turudi kwenye Ijumaa.

Msomaji wa pwani hataona ajabu kwamba siku yao huanza magharibi. Sisi pia tuliokua tukisikia mtu akisema usiku wa Ijumaa akimaanisha Alhamisi baada ya jua kuzama tunaijua hesabu hiyo. Sabato yao inaingia Ijumaa jua linapotua na kutoka Jumamosi nyota zinapoonekana. Kwa Wayahudi wa London jambo hili ni mtihani: Desemba inabidi kazi iachwe saa tisa alasiri, Juni mpaka saa tatu usiku jua bado lipo. Mbale iko karibu mno na ikweta. Mwaka mzima jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Mkulima hahitaji jedwali la nyakati. Anaangalia Wanale, ukuta ule ukigeuka kutoka kijani kuwa zambarau, anaacha jembe.

Chakula kimepikwa mchana, kwa sababu moto mpya hauwashwi mpaka kesho jioni. Katika boma nililokaribishwa, sufuria za matoke na maharage zilikuwa zimefunikwa majani ya mgomba, chini makaa yamezikwa kwenye majivu ili yashike joto polepole. Kuku alichinjwa na mtu aliyefundishwa kuchinja kwa sheria yao, na kisu kilikaguliwa ukali wake kwa ukucha kabla na baada. Mwislamu atatambua mengi hapa, ingawa masharti hayalingani. Mkate wa kusuka ulikuwa mezani umefunikwa kitambaa. Palikuwa pia na malewa, machipukizi ya mianzi kutoka mlimani yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Nayasema haya kwa sababu mtu anaweza kula Mbale wiki nzima asipewe malewa, na hiyo itakuwa hasara.

Sinagogi lenyewe, jengo kubwa la matofali lililofunguliwa mwaka 2016 na kuitwa Stern, limesimama mahali palipokuwa na jengo dogo zaidi la awali. Ndani kuna viti, kabati la kuhifadhia magombo ya Torati, na usiku ule palikuwa na gitaa na ngoma. Waimbaji walianza Zaburi kwa Kiganda. Sauti zikagawanyika zenyewe, wanawake juu, wanaume wakizishikilia chini, kwa mpangilio ambao mtu yeyote aliyewahi kusimama katika kwaya ya Afrika Mashariki angeujua kabla hajaujua wimbo. Kisha Kiebrania kikaingia, maneno ya kale sana juu ya lahani zilizotungwa hapahapa. Mwaka 2003 kampuni ya Smithsonian Folkways ilitoa albamu ya nyimbo hizi, iliyoandaliwa na rabi na mtaalamu wa muziki Jeffrey Summit, nayo ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Nilikuwa nimeisikiliza nyumbani mara nyingi. Kinachokosekana kwenye albamu ni watoto: wanavyokimbia kati ya viti, wanavyojua kila neno, na wanavyopiga makofi mapema kidogo kuliko wakubwa.

Baada ya sala kila mtu anamwendea kila mtu. Shabbat shalom. Mimi Mtanzania nilipeana mikono mingi kuliko harusini, na kila mara niliposema natoka wapi, wazee walinishikilia mkono muda zaidi.

Nilijua sababu. Idi Amin alipochukua nchi Januari 1971 hakuwa adui wa Israel. Mwaka uliofuata akawa. Dini ya Kiyahudi ikapigwa marufuku Uganda. Masinagogi yakafungwa, vitabu vikafichwa, watu wakasali usiku kwa kunong'ona au wakaacha kabisa. Wengi waliingia Ukristo au Uislamu, na siwezi kumlaumu mtu aliyefanya hivyo mbele ya bunduki. Jumuiya iliyowahi kuwa na maelfu ikapungua hadi watu kama mia tatu. Halafu Amin akavamia Kagera, na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yakamfuata mpaka kwake. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya tarehe hiyohiyo, mwaka ule, Wayahudi dunia nzima walikuwa wanakaa kula mlo wa Pasaka, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani kwa Farao.

Tumeisoma vita ile kwa majina ya Mutukula na Lukaya, kwa gharama zake, kwa foleni za sukari zilizofuata. Sikuwahi kuisikia ikisimuliwa kama kisa cha Pasaka. Nabugoye husimuliwa hivyo, na wanaposema wakombozi wanamaanisha vijana wa Mtwara na Musoma.

Waliobaki baada ya Amin walikuwa wametawanyika, na mara nyingi hawakutosha hata kuendesha sala. Sheria yao inataka watu wazima kumi ili baadhi ya sala zisaliwe, na hapo ndipo ugumu wa jumuiya ndogo unapoonekana. Kijijini, familia moja ikihamia Kampala kutafuta kazi, hesabu inavunjika. Binti akiolewa mbali, inavunjika. Mzee akiugua siku ya mvua, tisa waliobaki watakaa wakitazamana. Katika miaka ya themanini vijana wachache, akiwamo Gershom Sizomu na J. J. Keki, walikusanyika, wakaishi pamoja kijamaa juu ya Nabugoye, wakalima, wakakidai kilima, wakatembea vijijini kuwatafuta waliotawanyika. Hakukuwa na mfadhili. Wageni wa nje walikuwa hawajafika, au tuseme walifika zamani kidogo: mwanadiplomasia wa Israel, Arye Oded, aliwatembelea miaka ya sitini na kuandika habari zao, kisha pazia likashuka.

Msaada ulikuja baadaye, na hapa nataka nikae kidogo, maana misaada nimeiona sehemu nyingi na mara nyingi nimeona inavyoharibu.

Mwaka 1994 lilianzishwa Marekani shirika la Kulanu, kazi yake ni kusaidia jumuiya za Kiyahudi zilizo ndogo na zilizojitenga, na katikati ya miaka ya tisini wageni wake wakafika Mbale. Waliwakuta watu wanaosali tayari. Hilo ndilo linalotofautisha. Mwaka 2002 marabi kutoka ng'ambo waliketi hapa na kuwaingiza rasmi katika Uyahudi watu wapatao mia nne, kwa kuwahoji na kuwazamisha majini, na sharti hilo halikupokelewa na wote kwa furaha: wapo waliouliza kwa nini waingizwe walikozaliwa. Sizomu akaenda Los Angeles kusomea urabi, akahitimu mwaka 2008, akarudi. Naye aliporudi, watu kutoka nchi nyingine za Afrika walianza kuja kwake kujifunza. Mwaka 2016 alichaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, jimbo ambalo Wayahudi ni tone tu kati ya wapiga kura. Watu hawakumchagua kwa sababu ya Zaburi. Walimjua kwa visima, zahanati na karo.

Maana fedha zilipofika, hazikujengewa ukuta. Shule ya msingi ya Hadassah na sekondari ya Semei Kakungulu zinapokea Waislamu na Wakristo pamoja na Wayahudi. Kituo cha afya cha Tobin kilichofunguliwa mjini mwaka 2010 hakimwulizi mgonjwa anasali wapi. Kijana wa bodaboda aliyenipandisha Nabugoye ni Mwislamu. Alinionyesha shule anayosoma mwanawe kabla sijamuuliza, akalalamika kuhusu karo kama mzazi yeyote, akasema waalimu ni wakali, na hiyo ilikuwa sifa.

Ungeweza kusema hii ni hekima ya kisiasa tu: kundi dogo lazima liwe na marafiki. Sawa. Nimeyaona makundi madogo yasiyokuwa na hekima hiyo.

Kahawa ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Miteremko ya Elgon ina udongo wa volkano na baridi ya asubuhi, na arabika ya Bugisu inajulikana kwa wanunuzi wa dunia tangu ukoloni. Miti huoteshwa chini ya kivuli cha migomba, kila familia na kishamba chake. Msimu mkuu ukifika, karibu na mwisho wa mwaka, tunda jekundu huchumwa kwa mkono, likamenywa kwa mashine ya kuzungusha siku hiyohiyo, buni zikalowekwa zichachuke, zikaoshwa, zikaanikwa. Nilipita kwenye vichanja vya kuanikia. Harufu yake ni ya chachu na majani mabichi, haifanani hata kidogo na ya kikombe. Kwa miaka mingi mkulima aliuza kwa mlanguzi aliyemkuta barabarani, kwa bei ya mlanguzi.

Septemba 2001 J. J. Keki, mmoja wa vijana wale wa Nabugoye, alikuwa New York, na siku ya tarehe 11 aliona kwa macho yake minara ikishambuliwa. Akarudi Namanyonyi na wazo la mkulima: aliwaendea majirani nyumba kwa nyumba, Waislamu na Wakristo, akawaambia tuuze kahawa pamoja. Mwaka 2004 ukaanzishwa ushirika wa Mirembe Kawomera, yaani amani tamu, na uongozi ukagawanywa kati ya dini tatu. Kampuni ndogo ya California, Thanksgiving Coffee, ikakubali kununua kwa bei ya biashara ya haki. Mamia ya wakulima wakajiunga. Wanamuziki wao wakatunga nyimbo za kuhimiza ushirika, na hizo nazo zikarekodiwa.

Nimeuliza sana kama ni kweli, maana simulizi kama hii huwafurahisha wageni kupita kiasi na mimi huwa na wasiwasi na simulizi za namna hiyo. Jibu nililopewa na mwanachama mmoja wa Kikristo lilinitosha. Hakuzungumza habari za amani. Alizungumza kuhusu mizani, jinsi ya zamani ilivyokuwa ikipunja, na kwamba mizani ya ushirika mtu anaweza kuikagua mwenyewe.

Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni wengi wa kujitolea wanaopita katika vijiji vya Afrika hawafikishi siku ya tatu, na wanaofika hupewa kamera badala ya jembe. Nabugoye nako hakukosi majina ya wafadhili ukutani. Matofali yalibebwa na mabega ambayo majina yake hayamo. Hata hivyo, kinachoonekana ni kwamba wenyeji walibaki wenye nyumba. Sala inaongozwa kwa Kiganda. Mgeni anayetaka kuifanya iwe kama ya kwao Chicago anaimbiwa, anashangiliwa, na Ijumaa ifuatayo ngoma inaendelea kama kawaida.

Kuna jambo ambalo msaada haukulitatua. Swali la nani ni Myahudi linaamuliwa mbali na Mbale, na wanaoliamua hawakubaliani wao kwa wao. Nabugoye inafuata mkondo wa wastani, unaohesabu wanawake katika wale kumi. Kijiji cha Putti, upande mwingine wa nchi tambarare, kilichagua mkondo mkali wa Waothodoksi, wanaume upande huu na wanawake upande ule, kikitumaini kutambuliwa na wakali wenzao. Taasisi moja ya Israel inawakubali Abayudaya. Mwaka 2018 wizara ya mambo ya ndani ya nchi hiyo ilikataa ombi la mmoja wao la kuhamia huko. Ni karne nzima sasa tangu Kakungulu, na mtu bado anatakiwa kuonyesha vyeti. Niliwaona vijana wakilijadili jambo hili wakiwa na uchungu, kisha wakalikatiza kwa sababu mpira ulikuwa unaanza.

Kwa anayetaka kwenda. Kutoka Kampala ni safari ya kama kilomita 240 kupitia Jinja na Iganga. Kutoka Kenya pita Malaba, ubadili gari Tororo. Mbale mjini mwambie bodaboda Nabugoye, kwa Abayudaya, atajua. Kilimani kuna nyumba ya wageni, andika mapema. Fika Ijumaa kabla ya saa kumi jioni ukaoge na kupumzika. Mwanamke avae sketi ndefu au kitenge, mwanaume achukue kikofia mlangoni. Simu izimwe, na picha zisubiri Jumapili, siku ambayo pia ndiyo ya kununua kahawa, kwa kuwa Jumamosi hakuna atakayegusa pesa yako hata ukimbembeleza. Jumamosi mchana panda juu ya Wanale ukitazama uwanda mzima mpaka jabali la Tororo, au lala tu. Kulala ni katika ibada.

Na ukienda Putti, jiandae kuhusu mwavuli. Kwao kuufungua siku ya Sabato kunahesabiwa ni kama kujenga hema, basi mvua ya Elgon ikishuka, nayo hushuka bila kubisha hodi, utawaona wazee wenye heshima zao wakitembea taratibu katikati ya njia wakiwa wamelowa chepechepe, wanazungumza habari za mahindi.